Mahudhurio na maoni ya mafunzo elekezi ya maktaba

Umeuliza kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajitokezi kwenye mafunzo elekezi ya maktaba ya chuo, ilhali wachache wanaohudhuria hujaza fomu za maoni kwa sifa tupu. Kwa mtazamo wangu, tatizo kubwa ni wakati: mafunzo hayo huwekwa wiki ya kwanza, mwanafunzi akiwa bado anahangaikia usajili, malazi na ratiba, wala hajapewa kazi yoyote ya kumlazimu kutafuta makala ya kitaaluma, hivyo anayoelezwa kuhusu katalogi na hifadhidata huingia sikio hili na kutokea la pili. Ni afadhali yafanyike ndani ya kipindi cha somo, mhadhiri akiwapo, muda mfupi kabla ya insha ya kwanza kukusanywa.

Kuhusu maoni, fomu inayojazwa mlangoni hupima ucheshi wa mkutubi (si jambo baya, lakini silo lililokusudiwa) kuliko alichojifunza mwanafunzi. Badala ya kumuuliza iwapo ameridhika, mpe namba mbili za mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, yaani 025.431 na 025.5, aseme ipi hutangulia rafuni. Hutangulia 025.431, kwa kuwa tarakimu baada ya nukta husomwa kama desimali; anayedhani kuwa 431 ni kubwa kuliko 5, kwa hiyo hufuata, atakitafuta kitabu mahali pasipo pake. Rudia zoezi hilo katikati ya muhula, na uwaulize pia wale ambao hawakuhudhuria, kwa kuwa sababu za kutokuja wanazijua wao.