Tiba mtandao Pemba: video inakatika, tufanyeje?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya wilaya ya Micheweni. Tukimpigia daktari bingwa wa Unguja kwa video, picha inaganda na sauti inakatika. Tusubiri intaneti iwe nzuri, au ipo njia nyingine?

Jibu: Msisubiri, ndugu yangu. Video hata ya kiwango cha chini hula kama kilobiti 300 kila sekunde, na inataka kasi hiyo isishuke. Dakika 10 ni kama MB 22 za kwenda tu, za kurudi mbali. Picha mbili za simu ni MB 6 hadi 8, na mtandao ukikatika unazituma tena ukirudi, hakuna kilichopotea.

Kesi isiyo ya dharura iandikeni, pigeni picha, tumeni. Bingwa ataisoma akitoka wodini. Ngozi, vidonda, eksirei na karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) zinafaa khasa kwa njia hii. Lakini akiletewa picha ya upele iliyopigwa kwa flashi, bila ya umri wa mgonjwa wala siku upele ulipoanza, atajibu "mleteni", na mtu atateremka kisiwa kizima hadi Mkoani, kisha apande boti ya Unguja, kwa jambo ambalo pengine lilitaka dawa ya kupaka tu.

Upele upigeni picha mbili: ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, ya karibu iwe na rula pembeni. Sogeeni dirishani, flashi izimwe. Filamu ya eksirei ikae kwenye kisanduku chake cha taa, taa za chumba zizimwe, simu iielekee sawasawa bila kuinama. WhatsApp huibana picha ikitumwa kama picha, kwa hiyo itumeni kama dokumenti. Jina kwenye kona ya filamu lifunikwe, na mgonjwa aombwe ridhaa kwanza. Pemba watu wanajuana. Kovu la mguu tu linatosha kumtambulisha mtu.

Kisha kubalianeni na hospitali nani anapokea na mwisho saa ngapi atajibu. Kundi la madaktari chungu nzima lisilo na mwenye zamu ni sawa na kutokuwa na daktari: kila mmoja hudhani mwenzake keshajibu. Jibu likija, liingie kwenye faili la mgonjwa siku hiyo hiyo pamoja na jina la aliyeshauri. Likibaki kwenye simu ya muuguzi aliyekwenda likizo, halimsaidii mtu.

Haya yote si ya dharura. Mjamzito mwenye presha 160 kwa 110 anayelalamika kichwa na kuona ukungu, mtu aliyebanwa na pumzi, anayetoka damu nyingi: hawa hawasubiri picha. Anzeni huduma kwa mwongozo mlionao, itisheni gari la wagonjwa, na pigeni simu ya kawaida kuijulisha hospitali. Simu hiyo hupita hata pale intaneti inapolala.

Video iwekeni kwa bingwa anayetaka kumwona mgonjwa akitembea, au kuzungumza naye mwenyewe, kama kwenye afya ya akili. Wekeaneni ahadi ya asubuhi mapema, kabla mnara haujaelemewa. Ikiganda, zimeni kamera mwendelee kwa sauti.