Nightingale si muuguzi wa kwanza

Watu husema Florence Nightingale, yule Mwingereza, ndiye muuguzi wa kwanza duniani. Hapana ndugu, hakuwa wa kwanza. Yeye mwenyewe alienda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, kwenye taasisi ya kufundisha uuguzi ambayo mchungaji Fliedner na mkewe Friederike waliianzisha mwaka 1836. Na watawa walikuwa wanauguza watu karne nyingi kabla. Ukubwa wake ni shule aliyoifungua London mwaka 1860, katika hospitali ya St Thomas', na hesabu zake zilizoonyesha kwamba askari Waingereza wa vita ya Crimea (dhidi ya Urusi, 1853 hadi 1856) waliuawa zaidi na magonjwa kuliko majeraha. Tulisoma hayo mwaka wa kwanza ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba hapa Bukavu. Muuguzi akifungua madirisha ya sale (chumba cha wagonjwa) asubuhi hewa iingie, hilo Nightingale alilisisitiza sana.