Maswali yenu: matuta, madaraja ya juu na njia za baiskeli

Shikamoo. Watoto wetu wa shule ya msingi wanavuka barabara ya lami na magari yanakimbia mno. Wazazi tunataka kuomba kibao cha kilomita 30. Kitasaidia? (Mzazi, Mbagala)

Marahaba. Kibao peke yake hakimtishi dereva wa daladala anayewahi abiria. Ombeni tuta bapa, pana, lenye zebra juu yake. Hapo dereva atapunguza mwendo apende asipende, na mtoto ataonekana vizuri akivuka.

Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishtuka kwa sekunde moja tu, mita hizo zimeshakwisha kabla hajagusa breki. Kwa kilomita 30 ni kama mita 8. Na likimgonga mtu kwa 50, nguvu ya kishindo ni karibu mara tatu ya ile ya 30.

Mfano tunao hapahapa Dar. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limeweka matuta, zebra na njia za miguu karibu na shule, na pengine kuhamisha geti la shule ili watoto wasitokee moja kwa moja kwenye barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, na hakuna mtambo wa ajabu ndani yake. Ni zege na rangi.

Barabara yenu ikiwa kuu au ya mkoa, barua iende TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ikiwa ya mtaani, iende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ipitisheni kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, na muambatishe mchoro wa pale watoto wanapovukia kweli, si pale mnapotamani wavukie.

Daraja la waenda kwa miguu lipo, lakini watu wanavuka chini yake na kuruka uzio. Kwa nini wasipigwe faini? (Dereva, Ubungo)

Ndugu yangu, panda ngazi zile saa nane mchana na ndoo ya samaki kichwani, kisha tuongee. Mwenye kiti cha magurudumu ndiyo hawezi kabisa kama hakuna mteremko au lifti. Kwenye barabara ya njia nane kama ya Thika kule Nairobi, sawa, daraja lina kazi yake. Lakini katikati ya mji madaraja mengi hujengwa ili gari lisisimame, halafu tunamlaumu anayetembea. Mimi ningeweka taa, zebra na kisiwa katikati ya barabara, ili mtu aangalie upande mmoja, avuke, apumue, ndipo aangalie wa pili. Vituo vingi vya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, kwenye Barabara ya Morogoro watu wanavifikia kwa zebra, bila kupanda popote.

Njia ya baiskeli imejaa bodaboda na magari yaliyoegeshwa. Tufanyeje? (Mwendesha baiskeli, Kimara)

Magari yanazuilika kwa nguzo fupi za zege zilizopangwa karibu karibu. Bodaboda ni mtihani, maana inapita popote baiskeli inapopita. Ningeanza kwa kuwapa kijiwe rasmi jirani na kituo, maana wengi wanaingia humo kufuata abiria, ndipo trafiki aje na faini.

Tukipanua barabara, foleni si itaisha? (Msomaji, Tegeta)

Kwa muda. Nafasi ikipatikana, waliokuwa wanaacha gari nyumbani nao wanatoka. Njia hiyo ya ziada wapewe mabasi: basi refu la mwendokasi la mita 18 linabeba watu zaidi ya mia, na gari dogo asubuhi mara nyingi lina mtu mmoja.

Machinga waondolewe njia ya miguu? (Mkazi, Kariakoo)

Pimeni kwanza. Njia ya mita nne inawatosha muuzaji na mpita njia, mradi mstari uchorwe na meza zisiuvuke. Ya mita moja na nusu haiwatoshi, na hapo ningepunguza maegesho ya magari kabla ya kumgusa machinga.