Tusiochanga ndo tunaua chama?

Kaka unasema tusiochanga ndo tunaua chama, sawa, ila mi nimeshatuma buku tano mara mbili kwa ile namba ya chama ya michango na hata asante sijaiona, nachopata ni meseji ingine "changia tulinde kura". Jana niko zangu Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, mvua imelowesha dagaa gunia zima, simu inalia nadhani mteja kumbe wao tena. Si waje hapa waseme ushuru watafanyaje? Uchaguzi mkuu wa 2020 Tanzania waliojiandikisha walizidi milioni 29, waliopiga kura kama milioni 15 tu, sa hao wengine walikosa nauli? Dogo mmoja wa kijiweni kwetu kadi yake ya kura kaiweka rehani kwa mangi, sukari nusu kilo.