Re: Kuna tuzo ya kutafsiri vitabu vya Kijerumani kwenda Kiingereza?

Zipo mkuu, ila kuhusu ulichouliza kama unaweza kutuma mswada wako moja kwa moja, hizi kubwa hapana, wanataka kitabu ambacho tayari kimechapishwa.

Inayotajwa sana ni ile ya Helen na Kurt Wolff, ilianza 1996, inasimamiwa na Goethe-Institut (taasisi ya utamaduni ya Ujerumani) kule Marekani na hela inatoka serikali ya Ujerumani, dola 10,000. Kitabu lazima kiwe kimetoka Marekani. Na hao kina Wolff siyo majina ya kupamba tu, Kurt ndiye alikuwa publisha wa mwandishi Kafka enzi hizo, Hitler alivyoingia wakakimbia, wakafika New York wakaanzisha kampuni ya vitabu ya Pantheon Books mwaka 1942, yaani wakimbizi kabisa halafu wakaja kuwafundisha Wamarekani kusoma fasihi ya Ulaya! Mshindi wa kwanza alikuwa John E. Woods, kwa riwaya ya Thomas Mann na kazi ya Arno Schmidt, na huyo Schmidt nakwambia hata Wajerumani wenyewe anawatoa jasho.

Uingereza wana tuzo ya Schlegel-Tieck ya Society of Authors (chama cha waandishi), hela ndogo zaidi ila heshima yake siyo ya kitoto. Mtafsiri Anthea Bell alizibeba zote mbili kwa Austerlitz, riwaya ya Sebald.

Kwahiyo we anza na hadithi fupi, peleka kwenye majarida, ila ulizia haki za mwandishi kwanza kabla hujamaliza kitabu kizima maana publisha hagusi kitu bila hizo.