Kipimo cha bar, kitabu cha psi

SWALI: Kitabu cha pikipiki yangu kinataka psi 33 tairi la nyuma, lakini kipimo cha fundi hapa Birere, Goma, kinasoma bar. Nifanyeje?

JIBU: Psi na bar zote ni vizio vya presha, na bar 1 ni psi 14.5 hivi, basi gawa 33 kwa 14.5. Utapata bar 2.28, jaza hadi 2.3, tairi likiwa baridi, maana likipata moto linasoma zaidi. Ukiona 478, umezidisha badala ya kugawa.

Wanafunzi wa fizikia, angalieni sana hapa: sifuri ya kipimo hicho ni hewa ya nje, si ombwe (mahali pasipo na hewa kabisa). Kwenye kanuni za gesi lazima muongeze kanieneo (presha) ya hewa ya nje. Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, ni karibu bar 0.85, si 1.013 ya vitabuni. Jumla, 2.28 + 0.85: bar 3.13, yaani kilopaskali 313.