Kosa lililogunduliwa mapema nalo liripotiwe

Dada, umeuliza kama unapaswa kuripoti kwamba nusura umchome mgonjwa kloridi ya potasiamu ukidhani ni maji ya sindano, ilhali uligundua mapema na mgonjwa hakudhurika. Jibu langu ni ndiyo, tena uripoti kabla zamu yako haijaisha.

Potasiamu isiyozimuliwa ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo kwa dakika chache, na ndiyo maana hospitali nyingi duniani zimeiondoa kwenye wodi za kawaida. Katika wodi niliyowahi kufanyia kazi, vichupa vya aina zote mbili vilikaa kwenye trei moja, vyote angavu, maandishi madogo, na usiku taa ilikuwa hafifu; dawa ilihamishiwa kabati la kufungwa baada tu ya mwenzetu mmoja kuandika ripoti. Hofu ya kuitwa ofisini naielewa vizuri, lakini ukinyamaza, atakayeshika zamu kesho ataikuta trei ileile.

Andika ulichokiona: saa, dawa ilipowekwa, lebo ilivyoonekana, wauguzi mlikuwa wangapi na wagonjwa wangapi. Usiandike nani mzembe. Mkabidhi msimamizi wa wodi, na uombe nakala ifike kwenye kamati ya ubora. Madhara ya dawa yenyewe, kama vile mzio, kwa Tanzania hupelekwa pia TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa fomu ya njano, ambayo mfamasia wenu anapaswa kuwa nayo.